Njia ya Likasi na Kombi Yenye Homa ya Vipindi

Njia itokayo Lubumbashi kwenda Likasi ina urefu wa kilomita 120 hivi, nayo ni ya lami. Apitaye ndani ya motokari mpya haoni mengi: vichuguu virefu kupita nyumba, moshi wa nyasi zinazoungua, makamioni yaliyobeba shaba kwenda Kasumbalesa, na mara amefika. Sisi tuliiona njia hii vema kuliko wengi, kwa kuwa tulisimama mahali ambapo hakuna mtu asimamaye kwa hiari yake.

Ilikuwa Dominika moja ya mwezi wa sita. Wanafunzi wetu saba wa darasa la mwisho walipaswa kulala Likasi, maana mtihani wa Serikali ulikuwa unaanza kesho yake asubuhi, na mlango wa kituo ukiisha kufungwa haufunguliwi kwa machozi ya mwalimu. Wazazi walikuwa wamekwisha kulipa gharama zote. Bibi wa binti mmoja yatima alikuwa ameuza mbuzi wake wawili kwa ajili hiyo. Baada ya Misa tukawapandisha wote saba, na magodoro yao, katika Kombi ya parokia.

Motokari hiyo ni Volkswagen ya zamani, yenye umri mkubwa kuliko shofere wake. Wazo la kwanza la gari la namna hii lilichorwa na Mholanzi mmoja, Ben Pon, katika mwaka 1947. Kiwanda cha Ujerumani kikaanza kuyaunda mwaka 1950, na ya mwisho yakatoka Brazil mwaka 2013. Injini yake iko nyuma, wala haina maji: yapozwa na upepo wa feni tu. Kwa hiyo ikikataa kwenda, mtu hawezi kuisingizia rejeta.

Pale kijijini tulinunua lita 10 za esansi kwa mama mjane anayeuza kando ya njia, mmoja wa wale ambao watu huwaita Kadhafi. Alimimina kutoka bidoni ya manjano, akafuta mdomo wa tangi kwa kitambaa safi. Tukaondoka tukiimba.

Baada ya nusu saa, mahali palipo na mwinuko mdogo tu, motokari ilishtuka. Injini ikakata, ikashika, ikapiga mshindo nyuma, ikakata tena. Tukawa tunatambaa. Mtu mmoja akisukuma baiskeli yenye magunia ya makala akatukuta, akatuamkia kwa adabu, akatupita.

Hapo tukafanya haraka ambayo mpaka leo yatuuma. Tukasema mbele ya wanafunzi: «Mama yule ametuuzia maji.» Wala hatukuishia hapo. Akaja kijana wa pikipiki aliyekuwa akielekea tulikotoka, nasi tukampa ujumbe: amwambie mjane kwamba mwalimu atarudi kudai pesa yake. Yeye akaupokea kwa furaha, kama watu wanavyopokea habari mbaya za wengine.

Shofere alikuwa amejaribu kutuzuia. «Mwalimu, esansi ikikosekana motokari hufifia polepole, kama taa inayokwisha mafuta. Hii imekatwa ghafula, kama kwa panga.» Tukamjibu afungue filta. Akatii. Ndani alikuta vumbi kidogo, akapuliza, akafunga. Injini ikawaka mara moja na kuunguruma vizuri. Tukamtazama kama mtu aliyeshinda shauri. Kumbe robo saa ya kupumzika ndiyo iliyoiponya, nasi sifa tumeipa filta!

Tukapita Lwisha na machimbo yake bila kusimama. Lakini muda mfupi baadaye mambo yakarudi yale yale: mshtuko, mshindo, kutambaa, kimya.

Safari hii shofere alitaka kwenda kwa utaratibu, nasi tukamwacha. Kwanza alifungua kifuniko cha tangi, sikio lake likiwa karibu. Tangi lazima livute hewa kadiri esansi inavyopungua. Kitundu cha hewa kikiziba, pompu hushindwa kunyonya, na anayefungua kifuniko husikia mluzi wa upepo ukiingia. Hakusikia kitu. Kisha akauchomoa mpira unaoingia katika karbiratere, akautia katika chupa nyeupe, akang'oa na waya wa cheche ili moto usitokee, akatuamuru tuwaondoe watoto mbali. Akazungusha injini kwa starta. Esansi ikaruka kwa nguvu, pigo kwa pigo, kama maziwa ya mbuzi mwenye afya. Basi pompu ilikuwa nzima.

Chupa ile tukaiweka juu ya jiwe, tukasali fungu zima la rozari tukiingoja. Maji ni mazito kuliko esansi. Kama yamo, yatashuka chini na kujitenga. Tulipomaliza, tuliinyanyua kuelekea jua. Ilikuwa moja tu, safi toka juu hata chini. Shofere hakusema neno, nasi tukanyamaza. Pikipiki ilikuwa imekwisha kufika kijijini.

Mara ya tatu tuliposimama, jua lilikuwa limeanza kushuka. Wavulana walikuwa wakitazama barabara, wakihesabu kilomita kwa sauti ndogo. Yule binti yatima alikuwa ameketi chini ya kichuguu na daftari lake la kemia. Akainua kichwa, akasema: «Mwalimu, samahani. Kila mara tunakwenda muda ule ule, kisha inakata. Tukikaa robo saa inapona yenyewe, hata kama hatukufanya kitu. Si homa ya vipindi hii?»

Wasomaji wetu wanajua malaria. Mtu anatetemeka, anatoka jasho, kisha anaamka na kuomba chakula kana kwamba hakuugua. Kesho kutwa yuko chini tena. Shofere alisimama kimya kitambo, halafu akauliza, kama anayejiuliza mwenyewe: ndani ya injini hii, ni kitu gani kinachoshikwa na moto polepole na kupoa polepole? Akapeleka mkono kwenye bobini, akaurudisha upesi huku akipuliza vidole.

Bobini ni kopo dogo la chuma, na katika Kombi limefungwa juu ya sanduku la feni, mahali penye joto. Ndani yake mna nyuzi za shaba, moja nene kidogo na moja nyembamba kama unywele, zilizozungushwa maelfu ya mara. Hupokea volti 12 za batri na kuzipandisha kupita 10,000, ili cheche iweze kuruka katika buji. Kila uzi umepakwa ngozi nyembamba inayouzuia kugusana na jirani yake. Ngozi hiyo ikizeeka, joto huipasua, umeme hupotea njiani, na cheche hufa. Ikipoa, nyuzi huachana tena, na ugonjwa hauonekani. Sisi tunaoishi juu ya shaba ya Katanga tulikuwa tumeshindwa na uzi mmoja wa shaba!

Ili kuwa na hakika, shofere alikunja kitambaa kikavu, akaushika waya mkubwa karibu na chuma cha injini, nasi tukazungusha. Cheche ilikuwa ya manjano, nyembamba, haina sauti. Cheche nzima ni ya buluu, nayo hulia. Akalowesha kitambaa kingine kwa maji ya kunywa ya watoto, akakikamua vema, akaifunika bobini, akingoja kidogo. Cheche ikarudi buluu. Tukasafiri namna hiyo, tukisimama kulowesha dawa yetu ya baridi, mpaka Kapolowe.

Karibu na Kapolowe njia inavuka Lufira, ule mto uliozuiwa Mwadingusha ili kutoa umeme tangu mwaka 1930, na kwa kizuizi hicho likatokea ziwa la Tshangalele. Ndiyo sababu pale gare utawakuta akina mama na samaki kwenye mabeseni, wabichi na wa kukaushwa, wakikimbilia kila motokari inayopunguza mwendo. Yetu haikupunguza, ilijifia yenyewe katikati yao, nao wakacheka mpaka wakatuonea huruma. Mmoja akamtuma mwanawe kumwita fundi.

Fundi, mzee mwenye maneno machache, alikuwa na bobini ya motokari nyingine, ya volti 12. Akaifunga. Injini ikawaka, nasi tukatoa pesa. Akaikataa. «Hata ile mbovu iliwaka vizuri ilipokuwa baridi,» alisema. «Itieni moto kwanza.» Tukalazimika kuzunguka nusu saa nzima, kwenda na kurudi, giza likiingia, moyo wetu ukiwa Likasi. Haikukata hata mara moja. Ndipo akapokea pesa yake.

Tulifika Likasi, mji ulioitwa Jadotville mpaka 1966, watu wakiwa wamekwisha kula. Masista walikuwa wamewawekea watoto bukari na mboga za majani. Asubuhi wote saba waliingia, wa kwanza akiwa binti wa kemia.

Mtihani ulipokwisha tulirudi, tukasimama kwa mjane. Bidoni zake zilikuwa zimejaa. Tangu Dominika wateja walikuwa wanampita. Tukamwambia kosa lilikuwa letu, tunaomba radhi. Alitusikiliza akiwa ameketi. Kisha akasema: «Baba mwalimu, yule wa pikipiki alisema mbele ya watu. Nawe sema mbele ya watu.»

Tukangoja mpaka watu walipotoka mashambani. Tukasimama barabarani, tukasema yote, na habari ya chupa pia. Alipoona tumemaliza, aliondoka, akatupimia lita 10, akapokea noti zetu, akazihesabu mara mbili, na ile kubwa akainyanyua kuelekea jua.