Mashuka Mia Sita

Nakuandikia wewe ambaye simu ikilia unaigeuza kifudifudi. Hofu hiyo naijua. Mimi mpaka leo, nambari nisiyoijua ikinipigia asubuhi, tumbo huchafuka kwanza ndipo nipokee.

Nilikuwa na kiduka cha ushonaji Kisauni, Mombasa. Juki tatu, ovaloki moja, wasichana wawili. Tulishona sare za shule na madera. Mwaka 2016 nikasikia kwenye chama chetu kwamba asilimia 30 ya zabuni za serikali zimetengewa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mpango ulianza 2013, sheria ya ununuzi wa umma ya 2015 ikautia nguvu, nasi ndio kwanza twausikia. Cheti cha mpango huo, uitwao AGPO, hakilipiwi. Nikakichukua. Nikaomba tenda tatu, nikakosa zote. Ya kwanza nilitupwa nje kwa kuwa sikutia nambari kwenye kila ukurasa. Nililia, halafu nikacheka.

2018 nikapata. Mashuka 600 ya hospitali, kaunti moja hapa Pwani, shuka moja shilingi 1,400. Piga hesabu: 840,000. Nilipoishika ile LPO, karatasi ya kuagiza mzigo, nilisujudu papo hapo, juu ya vipande vya vitambaa.

Kumbe LPO hainunui hata uzi. Unaanza kwa pesa zako. Nikakopa kwenye shirika la mikopo, mashine nikaziweka rehani. Majora ya kitambaa yalikuwa ghali, mkopo haukutosha. Mamangu alikuwa amenipa bangili zake mbili za dhahabu nimwekee. Nikaziuza. Sikumwambia. Nilijiambia kabla ya Idi ya Mfungo Tatu nitakuwa nimemnunulia nyingine.

Tulishona karibu Ramadhani nzima, kutoka tarawehe hadi daku. Mzigo tukaufikisha wiki moja kabla ya Idi ya Mfungo Mosi. Kijana wa stoo akatia sahihi, nikarudi na nakala yangu.

Mwaka wa fedha wa serikali hufungwa Juni 30. Malipo hayakutoka. Julai nikaambiwa pesa hazijaja kutoka Nairobi. Septemba, rudi wiki ijayo. Novemba, "Mama, mwenyewe hayupo." Askari wa getini alikwisha kunijua kwa jina. Riba nayo haikungoja mtu. Mume wangu anaendesha tuktuk. Kila jioni akiniuliza, namjibu kesho, inshallah.

Februari 2019 madalali wakaja. Saa mbili asubuhi.

Hawakupiga kelele. Walikuwa na karatasi. Wakachomoa waya. Wakabeba juki ya kwanza. Wakabeba ya pili. Wasichana wangu wamesimama ukutani. Gauni la bibi harusi lilikuwa bado limebanwa chini ya sindano ya juki ya tatu. Mmoja wao akainua mguu wa mashine, akalitoa, akanipa mkononi. Polepole. Kama mtu anayekupa mtoto mchanga.

Wakaenda. Palibaki alama za mafuta sakafuni. Nikakaa chini. Adhuhuri ikaadhiniwa. Sikuswali. Alasiri. Sikuswali. Nilimwambia Mungu maneno ambayo namwomba anisamehe mpaka leo. Giza likaingia. Nikawaza watoto wangu watapumua zaidi nisipokuwapo. Hapo ndipo nilipofika.

Mume wangu akanikuta gizani, gauni mapajani. Nikamwambia yote. Mkopo. Riba. Bangili. Alinyamaza sana. Kisha akasema, "Haya, mama watoto, inuka twende nyumbani. Watoto hawajala."

Mamangu nilimwogopa kuliko madalali. Alinisikiliza, akanivuta kichwa hadi begani kwake. "Hizo bangili si zangu? Basi nimezitoa."

Yeye ndiye aliyenipeleka kwa jirani, bibi aliyestaafu uhasibu serikalini. Bibi akavaa miwani, akafungua faili langu, karatasi moja moja. "Mwanangu, mzigo wako haujakaguliwa." Kisheria kuna kamati ya ukaguzi na upokeaji, lazima itie sahihi ndipo ankara isonge mbele. Mimi nilikuwa na sahihi ya kijana wa stoo peke yake. Kwenye vitabu vyao mashuka yangu hayakuwapo, na wagonjwa walikuwa wakiyalalia! Miezi minane, na hakuna aliyeniambia. Kama ni uzembe, au kuna mkono uliongoja kitu, sijui. Nimeacha kuuliza.

Bibi alifunga safari nami mara nne, na fimbo yake. Kamati ikatia sahihi. Juni 2019 pesa zikaingia, alhamdulillahi. Nilipomaliza madeni nilibakiwa na kiasi cha kununua juki moja, tena mtumba. Mamangu sasa anavaa bangili moja. Ya pili bado nadaiwa, ingawa yeye hukataa kuitaja.

Siku hizi Jumamosi nakaa barazani na kina mama na vijana wanaoomba tenda. Tunatia nambari kurasa, tunahesabu, tunahesabu tena. Wengi hawajui kwamba kwenye zabuni zilizotengewa makundi haya hudaiwi dhamana ya benki. Unajaza fomu ya tamko tu. Nawaambia pia Hazina ya Vijana na ile ya Wanawake zimewahi kukopesha kwa LPO, waulize huko kabla ya kuweka mashine rehani. Ila swali langu la kwanza ni hili: utaweza kukaa miezi sita bila kulipwa? Asiyeweza namwambia atafute tenda ndogo, na wengine hununa. Na usiondoke stoo bila kuuliza kamati itakagua lini. Hapo mimi huwa mkali, hadi sauti inatetemeka. Wanadhani ni ukali.

Na wewe uliyeigeuza simu. Usiku huu mwambie mtu mmoja wa nyumbani kwako, hata kama ndiye unayemwogopa. Kisha faili lako lilete, lilivyo, na vumbi lake. Jumamosi baada ya alasiri nipo.