Cha Kale na Kipya Katika Nyumba ya Urithi

Ndugu msomaji, huenda nawe unayo nyumba ya marehemu mzee wako, imekaa miaka bila mtu, bati limeota kutu na mlango umeinama. Siku utakapotaka kuitengeneza, hutakosa washauri. Hawa watakwambia, "Bomoa yote, saruji ipo." Wale watakwambia, "Usiguse kitu, hiyo ni kumbukumbu." Mimi nimeyasikia maneno hayo yote juu ya nyumba aliyotuachia baba katika milima ya Upare, juu ya mji wa Same, na naona wote wawili wamekosa jambo moja: hakuna aliyeingia ndani kukagua.

Nyumba yetu ni ya matofali ya kuchoma yaliyopangwa kwa udongo, na kenchi zake ni za mkulo, ule mti wa kafuri unaoota katika misitu ya milimani kama msitu wa Chome chini ya kilele cha Shengena. Msitu huo leo umehifadhiwa. Mtu akikuletea usiku mbao mbichi za mkulo kwa bei ya kutupa, huna haja ya kumwuliza amezitoa wapi. Kwa hiyo mti uliokwisha kaa darini miaka 60 ni mali, tena una faida nyingine: umekauka, hautapinda tena. Mbao za paini zilizopasuliwa juzi hupinda zikiwa juu ya kichwa chako.

Lakini usiuamini mti kwa uzee wake tu. Chukua bisibisi uchome zile ncha zinazoingia ukutani, maana huko ndiko maji hujificha. Ukiona unga mwembamba, ni dumuzi. Ukiona vijia vya udongo, ni mchwa. Kati ya kenchi zetu 9 tulikuta 6 ni nzima, 2 tulizikata ncha tukaziunga kwa mti mpya, na 1 ikaenda jikoni kuwa kuni. Tena ng'oa misumari yote kabla ya randa kupita, la sivyo seremala atakudai ulimi wa randa yake, naye atakuwa na haki.

Bati ni habari nyingine. Bati la zamani likihamishwa halikosi matundu ya misumari ya kwanza, na matundu hayo hayakubali kukaa juu ya papi mpya. Tuliezeka mapya, na yale ya kale yakafunika banda la mbuzi. Unaponunua, uliza geji, na kumbuka kwamba geji 28 ni nene kuliko geji 32 ijapokuwa tarakimu yake ni ndogo. Wengi huuziwa jembamba wakidhani wamepata kubwa. Na ukipewa bure vigae vya asbesto vilivyoshushwa katika jengo la zamani, shukuru ukatae. Vikikatwa au kuvunjika hutoa vumbi linaloweza kuleta saratani ya mapafu baada ya miaka mingi.

Kwenye kuta ndipo tulipobishana sana. Fundi mmoja alitaka kupiga lipu ya saruji kote ili nyumba iwe ya kisasa. Ninyi wa pwani jambo hili mnalijua kwa macho. Kuta za Mji Mkongwe wa Unguja zilijengwa kwa mawe ya matumbawe, udongo na chokaa, nazo hupumua. Ukizivika saruji, unyevu unaopanda kutoka ardhini hukosa njia ya kutokea, udongo wa ndani unalainika, na siku moja lipu inaanguka vipande vipande. Ukuta wa matofali na udongo wa Upare una tabia hiyo hiyo. Tukaagiza chokaa kutoka Tanga. Kazi ya chokaa ni ya polepole, yataka subira, na nauli ya kukipandisha mlimani ilituuma.

Kwa ajili ya vizingiti vya juu ya madirisha alikuja mtu na vipande vya reli, bei nafuu. Reli ni chuma kizuri, sibishi. Njia ya Tanga hadi Moshi ilifika Moshi mwaka 1911, ikaja kukaa miaka mingi bila treni, na wako waliodhani chuma kile hakina mwenyewe. Mwaka 2019 treni zilirudi. Mwenyewe yupo, ni umma. Tulinunua nondo mpya dukani Same, kwa risiti.

Sasa ikabaki milango miwili ya mbele, ya mbao nzito na bawaba za chuma cha kufuliwa. Dalali akatoa shilingi laki 5 kwa yote miwili. Mdogo wangu alitaka tuuze tuweke ya chuma. Mimi nilitaka ibaki. Tukasahau kwamba hatuko wawili. Warithi ni watatu, wanaume wawili na dada yetu mmoja, na kwa hesabu ya mirathi mwanamume ana mafungu mawili na mwanamke fungu moja. Nyumba basi ni mafungu 5, na moja ni lake, hata katika bawaba.

Nilimpigia simu nikitumaini ataniunga mkono. Akasema, "Kaka, milango ya baba naipenda, lakini paa langu huku linavuja. Mnaotaka kuitazama nipeni haki yangu."

Sikuwa na jibu. Mimi ndiye niliyetaka kumbukumbu, naye ndiye angeilipia kwa mvua kitandani mwake. Tukaithamini milango kwa bei ile ile ya dalali, bila kuipunguza kwa sababu ni ndugu, tukampelekea shilingi laki 1 kabla ya masika. Mdogo wangu naye nikamkubalia mlango wa chuma, ila uwe wa uani.