Gari Likichemsha, Pitia Nguvumali

Wengi mkifika Tanga mnakimbilia Raskazone kuogelea au Amboni kuona mapango. Mimi na mchumba wangu tulianzia gereji moja ya Nguvumali. Corolla yetu ya zamani ilikuwa inachemsha, na kesho yake nilitakiwa Lushoto, kujitambulisha kwa wazazi wake. Bibie alishaanza kununa.

Fundi hakukimbilia spana. Aliuliza tu: “Bosi, linachemsha likisimama au likitembea?”

Hapo ndipo penye siri, wapenzi. Likichemsha kwenye foleni na kupoa likitembea, mshuku feni. Likichemsha mlimani au kwenye mwendo mkali, angalia rejeta iliyoziba au themostati isiyofunguka. Maji yakipungua bila kuvuja nje, huku moshi mweupe ukitoka, huenda gasketi ya silinda hedi imekwenda. Na mfuniko wa rejeta usiufungue injini ikiwa ya moto, utaungua uso!

Letu lilichemsha likisimama tu: fyuzi ya feni ilikuwa imeungua. Ikabadilishwa, feni ikazunguka. Kesho yake, kutoka Mombo tukaipanda Usambara, mshale wa joto umetulia katikati, na bibie anacheka.

Hata mwenzako akichemka, usikimbilie spana. Muulize kwanza: lini?