Bosi Kaondoka, Foleni ya Kulipia Kabaki
Mashabiki wa Walt Disney World, kule Florida, Marekani, wamechoka. Tangu 1999 kuruka foleni kwa FastPass kulikuwa bure. Oktoba 2021 mabosi wakaleta Genie+: dola 15 kwa kichwa kwa siku, mbali na kiingilio. Baba, mama na watoto wawili? Dola 60 hizo! Mapema 2022 basi la bure la kutoka uwanja wa ndege nalo likafutwa.

Novemba 2022 bosi mkubwa akatimuliwa, watu wakashangilia. Januari 2023 ada ya kulaza gari hotelini ikaondolewa, ila foleni ya kulipia ikabaki palepale. Kumbe tatizo halikuwa mtu mmoja. Shabiki anaapa harudi tena, halafu mwakani yuko getini na wanawe. Mabosi wanalijua hilo, ndo maana hawana presha.