Jumla Zilizokuwa Tupu

Shida niliyoipitia haikutoa sauti, ndiyo maana ilinichosha kuliko seva kuzimika. Natunza hifadhidata ya duka la jumla la dawa Dar es Salaam. Mauzo huingia seva kuu ya PostgreSQL, kisha urudufishaji wa kimantiki huyapeleka seva ya ripoti. Safu ya jumla haijazwi na mtu: hifadhidata yenyewe huzidisha idadi kwa bei na kuhifadhi jibu, uwezo uliokuja na toleo la 12 mwaka 2019.

Tulipohamishia ripoti kwenye seva mpya, mhasibu akanipigia: "Kaka, idadi naiona, bei naiona, jumla hakuna hata moja." Nikapekua kumbukumbu za seva zote mbili. Kosa halikuandikwa popote. Urudufishaji wa wakati ule uliziruka kimyakimya safu za kukokotolewa, na kwa kuwa upande wa pili jumla ilikuwa safu ya kawaida, ilibaki tupu.

Nikaweka triga ya kuijaza jumla upande wa kupokea, nayo ikalala. Mchakato unaopokea data huacha triga za kawaida bila kuziamsha, mpaka uziamuru zifanye kazi daima. Hatimaye nikaondoa triga na kuiweka fomula ileile pande zote mbili. Tukapumua.

Kisha uongozi ukaamua jumla ziwe shilingi kamili, bila senti. Watengenezaji wa mfumo wakabadilisha fomula kwenye seva kuu peke yake. Ripoti mbili za siku moja zikaanza kupishana kwa shilingi chache, na karani wa mauzo, binti mwaminifu kabisa, akaanza kutazamwa kama mwizi. Hilo ndilo lililoniuma. Nilikaa naye na mhasibu, tukapitia risiti mojamoja hadi wote wakaona kwamba fomula ndizo zilizopishana, wala si mikono yake. Tangu hapo sitaki kusikia habari ya hesabu moja kufanywa mahali pawili.

Toleo la 18, lililotoka Septemba 2025, lilinipa nilichokitamani: chapisho la data likiwekewa publish_generated_columns kwa thamani ya stored, jibu lililokwisha kokotolewa husafiri lenyewe. Tulipandisha seva zote mbili, maana mpokeaji wa toleo la zamani hapati safu hizo katika nakala ya kwanza. Upande wa kupokea niliiondoa fomula, safu ikawa ya kawaida; ikibaki ya kukokotolewa, urudufishaji husimama na kutoa kosa, na kosa linalosema nalishukuru. Nikafuta data ya seva ya ripoti, nikainakili upya yote.

Bado kuna jambo la kuangalia. Katika toleo hilo, usipoandika STORED unapounda safu ya kukokotolewa, hukokotolewa wakati wa kusomwa tu, haihifadhiwi, na haisafiri. Katika kila jedwali jipya nalikagua neno hilo kabla sijaliingiza kwenye chapisho.