Siri Tuliyomfunikia Mtoto

Jambo hili wengi hulionea haya, nami nimelificha miaka minane. Nalieleza sasa kwa kuwa ukimya wetu ulimchelewesha mwanangu.

Alipotimiza siku saba tulimchinjia akika, tukamnyoa, tukampa jina. Mama yake, katika kumwogesha, alikwisha kuona ya kuwa korodani ya kushoto haimo mfukoni mwake. Akamnong'oneza mama mkwe wangu, naye akajibu, "Itashuka yenyewe, mwanangu. Usimtangaze mtoto." Mimi sikuambiwa neno. Likafunikwa hivyo hata akapata miaka sita, tukampeleka kutahiriwa, na tabibu akaviweka chini vyombo vyake, akasema, "Huyu apelekwe kwanza kwa daktari mpasuaji."

Maneno ya bibi yake hayakuwa upuuzi. Katika kila watoto 100 wa kiume waliozaliwa kwa miezi kamili, kama 3 huzaliwa na korodani isiyoshuka, na waliozaliwa kabla ya siku zao ni wengi zaidi. Nyingi hushuka katika miezi ya mwanzo. Lakini miezi sita ikipita ni nadra, na ndiyo sababu madaktari hutaka mtoto apasuliwe kabla ya miezi 18. Korodani yahitaji ubaridi kidogo kuliko mwili. Ikibaki kinenani au tumboni, joto huharibu mbegu za uzazi. (Iko nyingine ambayo hupanda kwa baridi na kushuka mtoto akiwa katika maji ya uvuguvugu, hiyo kwa kawaida haihitaji kisu, bali huangaliwa kila mwaka.)

Mwanangu alilazwa usingizi, akachanjwa kidogo kinenani. Daktari aliikuta korodani njiani, akailegeza mishipa yake, akaishusha na kuishikiza mfukoni, kisha akamtahiri papo hapo. Jioni tulirudi naye nyumbani.

"Atazaa?" aliuliza mke wangu, na hilo tu ndilo aliloweza kutamka. Daktari akamtuliza: wenye upungufu wa upande mmoja hupata watoto karibu sawa na wanaume wengine, wa pande zote mbili ndio hupungukiwa sana.

Lililonikosesha usingizi mimi ni saratani. Uchunguzi wa Sweden uliotolewa mwaka 2007, wa wanaume karibu 17,000 waliopasuliwa kwa ajili hii, ulionyesha ya kuwa waliopasuliwa kabla ya miaka 13 walikuwa na hatari kama mara mbili ya watu wengine, na waliochelewa kupita hapo, zaidi ya mara tano. Kwa hakika maradhi yenyewe ni machache. Katika wote hao waliougua ni 56. Hata hivyo kupasuliwa hakuiondoi hatari yote, ila korodani iliyoshushwa yaweza kupapaswa.

Basi mwezi uliopita, naye sasa ana miaka 14, nilimketisha baada ya Isha nikamweleza yote, nikamfundisha ajikague kila mwezi aogapo, na akihisi uvimbe au ugumu, hata usiouma, aniambie siku hiyo hiyo. Aliinamisha kichwa kitambo kirefu. Kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, "Baba, na mama anajua?"