Usiipite Miji Midogo: Shuka, Ule, Utazame

Ndugu msomaji, umesafiri mara ngapi kwenda Nakuru, Eldoret au Kisumu? Na katika safari zote hizo, umekanyaga ardhi ya Mai Mahiu, Naivasha au Gilgil mara ngapi, ukiacha zile dakika tano za kununua soda na kutafuta choo? Wengi wetu tunaoishi Nairobi tunaijua miji hii kupitia dirisha la matatu. Tunawaona wachuuzi wakiinua mahindi na karoti, tunanyoosha mkono, tunalipa, gari linaondoka. Watoto wetu nao wanaijua kwa mabango tu.

Tembea uone, walisema wahenga. Hawakusema tembea upite.

Kuanzia Desemba hadi mwanzoni mwa Machi jua huwa jingi na mvua huwa chache. Huo ndio wakati mwema wa kuitoa jamaa yako nje ya jiji kwa siku moja, bila kulala hotelini na bila kukopa. Mwanafunzi mwenye nauli ya matatu na pesa kidogo za chakula anaweza pia. Twende basi katika Bonde la Ufa, tukianzia Rironi.

Njia ya chini

Hapo Rironi barabara hugawanyika. Shika ya kushoto, ile ya Mai Mahiu, na uiache ya juu kwa safari ya kurudi. Ondoka mapema, saa kumi na mbili unusu ikiwezekana. Njia hii ina malori mengi na kona kali, na dereva mwenye haraka hana macho ya kutazama bonde linalofunguka mkono wa kushoto.

Ukikaribia kufika chini utaona kanisa dogo la mawe kando ya barabara. Lilijengwa mwaka 1942 na wafungwa wa vita kutoka Italia, wakati walipokuwa wakitengeneza barabara hii chini ya Waingereza. Wasimulie watoto habari hiyo. Wataelewa upesi kwamba vita vya Ulaya vilifika hadi kwenye jabali la Kikuyu.

Mai Mahiu ni maneno ya Kikuyu yenye maana ya maji moto. Hapa ndipo pa staftahi. Usitafute kitambaa cha meza. Tafuta mahali ambapo madereva wa malori wamejaa, kwani chakula cha hoteli kama hiyo hakipati nafasi ya kulala. Agiza chai ya maziwa, chapati na maharagwe, au supu ya mbuzi ukipenda. Na unapokunywa, kumbuka kwamba usiku wa kuamkia Aprili 29, 2024 maji yalishuka kwa kishindo kutoka upande wa Kijabe yakazoa nyumba na watu wengi. Mji huu ulizika watu wake, kisha ukawasha tena majiko. Kununua chai hapa si sadaka, lakini si jambo dogo pia.

Samaki ni mgeni kama wewe

Kutoka hapo utauona mlima Longonot, wenye urefu wa mita 2,776, ukikusindikiza hadi Naivasha. Mji huu uko umbali wa kilomita 90 hivi kutoka Nairobi, na reli iliufikia kabla ya kufika Kisumu mwaka 1901. Jina lake linatokana na neno la Kimaasai linalohusu maji yanayochafuka, na ukilitazama ziwa alasiri upepo unapovuma utajua kwa nini.

Ukitaka kutembea, ingia barabara ya Moi South Lake uelekee mbuga ya Hell's Gate, iliyotengwa mwaka 1984. Ni mojawapo ya mbuga chache nchini ambamo unaruhusiwa kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli katikati ya pundamilia, twiga na swara. Baiskeli hukodishwa njiani na karibu na lango. Kabla ya kulipa, jaribu breki na upige magurudumu teke. Malipo ya kuingia hufanywa kwa simu kupitia eCitizen, kwa hivyo usitegemee noti mfukoni.

Hapa kuna jambo ambalo sharti ulishike. Ndani ya mbuga hii mna korongo jembamba lenye kuta ndefu, zuri ajabu. Mvua ikinyesha mbali, ambako wewe huoni hata wingu, maji huweza kujaa korongoni kwa ghafla. Aprili 2012, na tena Septemba 2019, mafuriko ya namna hiyo yaliwaua wageni waliokuwa ndani, wengi wao wakiwa vijana waliotoka kujiburudisha. Waulize walinzi kwanza. Wakisema korongo limefungwa, usibishane wala usitafute kijana wa kukupitisha njia ya panya. Miamba iliyo juu inatosha kutazamwa.

Mkirudi na njaa, nendeni ziwani mkale samaki. Mahali pa kuwapata ni pale wavuvi wanapotua, kama vile Kamere. Maji ya ziwa yalipanda mno mwaka 2020 yakafunika sehemu za ufuo, kwa hivyo waulize wenyeji vibanda viko wapi siku hiyo. Utamchagua samaki wako mbichi, atapasuliwa mbele yako, atakaangwa katika karai la mafuta yanayochemka, na utamla kwa ugali, sukuma wiki na kachumbari yenye limau. Vidole ndivyo uma.

Je, wajua kwamba samaki unaowala hapo si wenyeji wa ziwa hilo? Ngege waliletwa katika miaka ya 1920, na hata yule samaki mnene mwenye magamba makubwa na vindevu mdomoni alionekana ziwani kwa mara ya kwanza mwaka 2001. Huyo wa vindevu ana nyama tamu lakini miiba yake ni mingi na myembamba. Mchambulie mtoto kabla ya kumpa. Na ikifika jioni, ondokeni kando ya maji. Kiboko hutoka kulisha giza likiingia, naye hana mzaha.

Nyama ya Kikopey

Huenda wewe ni mtu wa nyama. Basi liache ziwa kwa siku nyingine uendelee mbele. Kilomita 30 hivi kutoka Naivasha utafika Gilgil, na mbele yake kidogo utauona moshi wa Kikopey kabla ya kuviona vibanda vyenyewe. Hapa nyama choma ndiyo kazi, ndiyo karo ya watoto, ndiyo kodi ya nyumba.

Ukiegesha tu, vijana watakuzunguka, kila mmoja akikuvuta kwake. Wasalimie, ucheke nao, lakini usikimbizwe. Ingia buchani mwenyewe utazame muhuri wa mkaguzi wa nyama. Chagua kipande, mbavu au paja, kipimwe ukiona, na mkubaliane bei ya nyama, ya kuchoma na ya ugali kabla hakijatiwa motoni. Kilo mbili huwatosha watu wanne, kwani moto nao hula sehemu yake. Kisha ngoja. Mbuzi mzuri huchukua muda wa saa moja au zaidi, na anayeharakisha mchomaji hula nje iliyoungua na ndani yenye damu. Nyama italetwa juu ya ubao, ikatwe mbele yenu, chumvi pembeni.

Muda huo wa kungoja una kazi yake. Karibu na hapo pana Kariandusi, ambapo Louis Leakey alichimbua mashoka ya mawe mwishoni mwa miaka ya 1920. Watu wa kale sana waliyachonga hapo mamia ya maelfu ya miaka iliyopita. Mtoto aliyeyaona mashoka hayo asubuhi, kisha akauona ubao wa nyama mchana, amepata somo la historia ambalo hatalisahau. Ziwa Elmenteita, lililoingizwa katika orodha ya Turathi za Dunia mwaka 2011, laonekana kutoka barabarani.

Kurudi kwa njia ya juu

Usitake kumaliza yote kwa siku moja. Chagua samaki au nyama, mbuga au mashoka, na ufikapo saa tisa geuza gari. Pita njia ya juu, ya Kinungi na Kinale, mahali palipo juu ya mita 2,400. Baridi hukata mifupa hata Januari, na ukungu unaweza kuiziba barabara jioni. Ndiyo maana tunakuhimiza upite mchana, na mubebe sweta.

Simameni Soko Mjinga. Jina lake lisikudanganye, wauzaji ni werevu. Viazi, kabeji, karoti na minji vilivyotoka shambani karibu na hapo vitaijaza buti yako, na mahindi ya kuchoma yatakupasha mikono moto. Mbele ni Limuru, ambako majani chai yalipandwa kwa mara ya kwanza nchini mwaka 1903. Ndiko alikozaliwa pia mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o, katika kijiji cha Kamirithu, mwaka 1938. Kikombe cha mwisho cha chai kinyweni hapo, huku mkiyatazama mashamba yenyewe.

Asiye na gari asivunjike moyo. Matatu za Naivasha hupakia katikati ya jiji, upande wa Nyamakima, na kutoka Naivasha kuna nyingine za kuzunguka ziwa na za kwenda Gilgil. Muulize makanga saa ya gari la mwisho kabla hujashuka.

Kuna sababu nyingine ya kwenda sasa. Novemba 2025 kazi ya kupanua barabara kuu kutoka Rironi hadi Mau Summit ilizinduliwa. Barabara pana ni neema kwa mwenye haraka na kwa mgonjwa anayekimbizwa hospitalini, na imekwisha kuua watu wengi mno ikiwa nyembamba. Lakini gari linaloenda kasi halinunui mahindi. Mama wa Kinungi, mvuvi wa Kamere na mchomaji wa Kikopey wanaishi kwa yule anayesimama. Hakuna serikali wala mkandarasi atakayesimama kwa niaba yako.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Jumapili ijayo weka maji ya kunywa garini, chenji mfukoni na sweta begani, uwaamshe watoto mapema.